Blanketi Zito la Angela

Mama Oswaldi, jirani yangu, anasema blanketi lilipasuka lenyewe. Anasema alikuwa amekaa mlangoni kwake anapepeta ulezi, mara akasikia "pwaa!", na alipogeuka akaona pembe moja imefunguka na punje zinamwagika kama gunia lililotobolewa. Anasema alikimbia mpaka kandambili moja ikabaki njiani, lakini kuku walikuwa wameshafika, wakadonoa wakamaliza.

"Ni jua, mwanangu," akaniambia. "Jua la Julai hapa kwetu linadanganya. Upepo unakutetemesha, kumbe juu kunachoma. Limekivimbisha kile kitu mpaka kikashindwa."

Nilikuwa ndiyo kwanza natoka mashine, ndoo ya unga bado iko kichwani na Angela amenishika kitenge kwa nyuma. Nikashusha ndoo.

"Asante kwa kukimbia, mama," nikamwambia.

Angela ni binti yangu, ana miaka saba, na haongei. Kabla ya blanketi hilo hakuwa akilala usiku. Atazunguka chumbani, atajilaza, ataugonga ukuta kwa kisigino, atainuka tena, mpaka jogoo wawike. Na mimi naye. Shangazi yake Hellena anafanya usafi katika hospitali moja Mbeya. Akamweleza mtaalamu wa watoto habari zetu, na baadaye akatuletea blanketi. Limeshonwa vyumba vyumba kama trei ya mayai, na kila chumba kina vipunje vya kioo, vidogo kama ulezi. Hivyo ndivyo vinavyolipa uzito. Maagizo hayakuwa mengi: lisimfunike kichwa, na awe na nguvu za kulitoa mwenyewe akilichoka. Usiku wa kwanza Angela alilivuta mpaka mabegani, vidole vikashika pembe ya kushoto, akawa anazichezesha zile punje, zinasuguana taratibu, akalala. Nilimwekea mkono kwenye paji la uso. Nilidhani anaumwa.

Mama Oswaldi alipolinyanyua mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. "Hili blanketi au mfuko wa saruji? Mtoto mnamlaza au mnamzika?" Lakini ni yeye anayekaa na Angela ninapokwenda kuuza maandazi stendi. Mtaa mzima wa Katandala hakuna mwingine ambaye Angela anakubali kumshika mkono. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifunga mdomo.

Kulifua nilijifunza polepole. Doa dogo nalifuta hapo hapo kwa kitambaa chenye sabuni. Likichafuka sana, na wiki ile Angela alikuwa amelikojolea, nalitia kwenye beseni kubwa la maji baridi na sabuni kidogo, nalikandamiza kwa viganja. Silisugui, silikamui. Ukilikamua unakata nyuzi. Likishalowa huwezi kulinyanyua peke yako, kwa hiyo nainamisha beseni maji yatoke yenyewe, kisha naliviringisha ndani ya shuka kuukuu na kulikalia. Kambani haliendi hata siku moja. Ukilitundika, punje zinakimbilia chini na mshono unavutika. Linalazwa bapa, linageuzwageuzwa, likauke hadi ndani, la sivyo linavunda.

Sikuwa na turubai. Mama Oswaldi alikuwa ameanika ulezi wa shamba lake la kule Pito kwenye turubai kubwa, akausogeza kwa ufagio, akanipa upande mmoja.

"Laza hapa. Kwani ndani mna nini?"

"Vipunje," nikasema. "Ndivyo vinavyolifanya liwe zito."

Akaliminya. Maji yakamtoka katikati ya vidole. "Na umevilowesha vyote?"

"Si nimelifua, mama."

Akaguna. Mimi nikabeba ndoo kwenda mashine kabla foleni haijawa ndefu.

Sasa nilipochuchumaa kuangalia ile pembe, ilikuwa ni pembe ya kushoto, ya Angela. Nyuzi zilikuwa zimekatwa moja moja, kwa mpango, kama mtu anavyofumua pindo la gauni kwa wembe. Kitu kikipasuka, kitambaa kinachanika. Hapa kitambaa kilikuwa kizima. Punje chache zilikuwa zimebaki kwenye turubai. Jogoo akaja, akadonoa moja, akaitema, akahamia kwenye ulezi.

"Shii!" Mama Oswaldi akamfukuza. Hakunitazama.

Chumba kile nikakishona kikiwa kitupu. Jioni Angela akalivuta blanketi, vidole vikaenda kwenye pembe, vikatafuta, vikarudi, vikatafuta tena. Akalitupa chini. Tukarudi kule kule, kisigino na ukuta.

Asubuhi ya siku ya nne nikafumua, nikatia ulezi wetu wa chakula, nikashona. Angela akaiminya pembe, akainusa, akaivuta kwa meno, nami nikaanza kufumua tena. Ulezi hausuguani kama kioo. Halafu hata kama angeukubali, ungedumu mpaka lini? Siku nitakayolifua, ulezi utalowa ndani ya kitambaa, nao utaota. Hapa Ufipa kila mtu anajua hivyo, ndiyo kimea cha pombe: unalowesha ulezi, unaufunga kwenye gunia, unaufunika, unatoa mizizi.

Nikaacha sindano hewani.

Punje ndogo. Zimeloweshwa. Zimefungwa kwenye nguo. Kwa macho ya Mama Oswaldi, nilikuwa nimeacha nafaka nzuri iharibike juu ya turubai lake.

Nikamshika Angela mkono, tukavuka uani.

"Hodi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, pita. Mtoto kalala?"

"Hajalala."

Akajishughulisha na mafiga ambayo hayakuwa na moto. Pembeni, juu ya ungo, palikuwa na kipande cha kanga kilicholoa, kimefungwa fundo, ukubwa wa ngumi.

"Unafanya kimea?"

"Aa, kimea wapi. Najaribu mbegu kama inaota, nisije nikapoteza shamba bure."

"Mbegu ya nini?"

"Ulezi." Halafu moyo wa mkulima ukamshinda. "Ulezi mweupe. Lakini mbegu za siku hizi, mwanangu! Nimeulowesha, nimeufunika, nimeupeleka karibu na moto, hata jicho hautoi. Wa kwetu ungekuwa umeshachungulia nje ya kitambaa."

"Labda ni mgumu sana. Umeutafuna?"

"Nitafune nini na mbegu ya dukani hutiwa dawa? Hawa wazungu ulezi wa kawaida hawawezi kuutia kwenye..."

Mkono wake ukabaki juu ya ungo. Nje, kuku walikuwa wanaparura majivu.

Ningeweza kumuuliza habari za kuku. Ningeweza kumuuliza wembe ameuweka wapi. Kesho alfajiri maandazi yananingoja, na Angela lazima abaki na mtu.

Angela aliniachia mkono. Akaenda kwenye ungo, akachuchumaa, akakishika kile kifundo cha kanga kwa vidole vyote. Akakiminya. Punje zikasuguana kwa ndani. Akakiminya tena, mabega yakashuka, macho yakaanza kuwa mazito pale pale alipochuchumaa.

Mama Oswaldi alikuwa anamtazama.

"Mama," nikasema, "huo ulezi wako usioota, naomba unipe nijazie blanketi. Mimi nitakuletea ulezi wa kuota, kikombe kizima."

Akamtazama mtoto, akakitazama kifundo, akamwachia. Akaokota ufagio, akaanza kufagia mahali palipokuwa pameshafagiwa.