Koti la Bibi Iolanda

Tarehe 27 Aprili 1954, Jumanne. Manyunyu yalianza alfajiri pale Lucca, na upepo ukateremka milimani kana kwamba baridi imesahau kitu ikarudi kukichukua.

Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Zita, yule mtumishi wa nyumbani. Argia, naye mtumishi kwa miaka ishirini na miwili, alisimama mlangoni pa kanisa la San Frediano. Alikuwa amevaa koti lake, na mkononi ameshika koti la tajiri wake, Bibi Iolanda, aliyekuwa ndani kwenye foleni ya kugusisha maua yake ya narsisi kwenye sanduku la kioo ulimolazwa mwili wa mtakatifu.

Akaja kikongwe mmoja, amejikunyata, meno yanagongana.

Kila mtoto wa Lucca anaijua habari ile. Usiku wa Noeli, tajiri wake alimwazima Zita joho lake la manyoya. Zita akampa ombaomba mlangoni pa kanisa. Kesho yake ombaomba akalirudisha, kumbe malaika. Tangu Kwaresima Argia alikuwa akiomba ishara. Ndiyo hii, akawaza. Akamvika kikongwe koti la Bibi Iolanda.

"Malaika wangu," alinong'ona, "utalirudisha lini?"

"Nirudishe nini, binti?" Kikongwe akafunga vifungo vyote, akaenda kuketi kwenye ngazi.

Argia akangoja. Akasali rozari nzima. Kikongwe alikuwa palepale, anatafuna mkate.

Bibi Iolanda akatoka. "Koti langu liko wapi?"

Argia hakujua kudanganya. Akaonyesha kwa kidole. "Nilidhani ni malaika, bibi. Kama wa Zita."

Wauza maua waliojipanga mlangoni wakaangua kicheko. Mmoja wao, Nunziata mwenye ulimi kama wembe, akapaza sauti: "Argia we! Na hilo ulilovaa, malaika halimtoshi?"

Argia akajitazama. Mwili wake ulikuwa na joto. Miaka yote alisifu joho lile, wala hakuwahi kumfikiria Zita mwenyewe, akirudi nyumbani anatetemeka, akijua atagombezwa.

"Nimekuachia funguo za nyumba yangu miaka yote," Bibi Iolanda alisema taratibu. "Leo umetoa cha nani?"

"Chako, bibi."

"Basi nipe funguo." Akanyoosha mkono.

Argia hakuzitoa. Alivua koti lake, akamwendea kikongwe. "Bibi yangu, tubadilishane. Hili ndilo langu."

Kikongwe akapapasa viraka vya viwiko. "Hili? Ah! Kilichotolewa kimetolewa. Kamvike tajiri wako."

Hapo hata Nunziata hakucheka. Argia akarudi, akaliweka koti mabegani mwa Bibi Iolanda. Mvua ilikuwa ikimdondokea Bibi usoni. Kisha akaingiza mkono mmoja. Halafu, kwa shida, wa pili.

"Linanibana," alisema.

"Najua, bibi."

Argia akazifungua funguo kiunoni, akaziweka kwenye kiganja cha bibi yake. Bibi Iolanda akazitazama, akamtazama mtumishi wake aliyelowa blauzi, akamnyooshea azichukue tena. Ila hakuziachia.

"Ahidi kwanza," alisema. "Wote wasikie."

Argia akawageukia wauza maua na kikongwe kwenye ngazi. Sauti ilimtetemeka kwa baridi.

"Mbele yenu, na mbele ya Zita aliye humo ndani: nikitoa tena, nitatoa kilicho mgongoni mwangu, na sitangoja kirudi."