Sala Isiyokatwa

Vainqueur alikuja kwangu, mtaa wa Kanyosha, kwa sababu ya ukuta wangu. Mto uliubomoa msimu wa mvua uliopita, ukamchukua na mume wangu, Sylvère. Mwili wake hatukuuona. Kijana huyo alikuwa akitengeneza filamu: ziwa limeifunika dunia, binadamu wa mwisho wamekimbilia mlimani. Hakuwa na uwezo wa kujenga magofu. Yangu yalikuwa tayari.

Nilikubali kwa sharti moja. Katika sala ya kufunga filamu, ambayo ningeiongoza mimi pamoja na kwaya yetu, Sylvère atajwe. Hana kaburi. Nilitaka pawe na mahali ambapo watu watasikia kwamba alikuwepo. Vainqueur aliitikia haraka, kama mtu aliyekaribishwa chai.

Siku ilipofika tulipiga magoti matopeni. Nikasali, nikamtaja.

"Coupez," akasema Vainqueur kwa Kifaransa, yaani kateni, akatusimamisha katikati ya sala.

Wanakwaya walifumbua macho, wakatazamana. Kwetu sala haikatwi kabla ya Amina, hata mvua ikitunyeshea ndani. Yeye alikuwa ameshaifuta picha ile kwenye kamera ya kuazima, akieleza kwamba watazamaji hawamjui mtu huyo.

"Sema tu binadamu, Mama Benite. Tunalilia dunia muzima, si mutu moya."

Damu ilinipanda kichwani. "Ukuta wa huyo mutu moya umeutaka. Jina lake ndilo hutaki?"

Alicheka, akaniambia hasira hiyo niitunze, kamera itaipenda. Akatuhimiza tufanye upesi, kwa kuwa betri ilikuwa moja na umeme mtaani haukuwepo.

Nikafumba macho. Nilimweleza Mungu jinsi Sylvère alivyorudi ndani kumtoa mama yake, na viatu alivyoviacha mlangoni. Kila ombi nililianza kwa jina lake. Vainqueur alisema coupez, akarudia kwa ukali. Safari hii hakuna aliyefumbua macho. Caritas, mwanakwaya mwenye sauti nzito kuliko sisi sote, aliitikia "Bwana, sikia" mpaka akaifunika sauti ya Vainqueur. Sikunyamaza hadi nilipomsikia Vainqueur akiilaani betri kwa kuisha.

"Amina," nikasema.

Wanakwaya walishika njia, na wakasema hawarudi. Vainqueur alisimama na kamera iliyozimika, akanung'unika kwamba aliiacha irekodi akitumaini nitafika kwenye binadamu, na sasa filamu yake haina mwisho mwingine.

"Basi ni huo," nikamwambia, nikaenda kunawa matope.

Hasira bado ninayo. Nitamwomba Mungu aiondoe, lakini filamu ionyeshwe kwanza.