Kurasa Tisa za Nguzo

Kanisa letu la Kimethodisti lina mabenchi kumi na mawili, waumini arobaini na mmoja na viongozi kumi na tisa. Kwingine kondoo hupotea kwa kukosa mchungaji. Kwetu hukosa pa kukanyaga. Juu ya wote alikaa mwenyekiti tuliyemwita Nguzo. Kwa miaka ishirini na sita, kila uchaguzi alitangaza kuwa amechoka, kisha akatukazia macho mpaka tukamchagua tena.

Jubilei ya miaka sabini ilipokaribia, alimwita mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke mpole asiyependa makuu, aandike historia ya kanisa, isomwe mbele ya askofu.

"Nimekurahisishia, mwalimu," alisema, akimkabidhi karatasi tisa. "Wewe panga tu nukta na mikato."

Zote tisa zilimhusu marehemu baba yake, mwanzilishi: alivyofyeka pori, alivyofyatua matofali, alivyooteshwa ndoto. Mungu mwenyewe aliumba mbingu na nchi kwa kurasa chache kuliko hizo.

Mwalimu alikwenda kwa shangazi yake, mkunga wa miaka tisini na miwili, akamkuta barazani anachambua maharage.

"Baba yake Nguzo?" Shangazi alicheka mpaka ungo ukapinduka. "Kanisa lilianzia jikoni kwa mama yangu. Wanawake saba. Mhubiri alikuja na baiskeli mara moja kwa miezi mitatu. Siku nyingine tulihubiriana wenyewe. Matofali tulifyatua sisi, mimi na mimba ya miezi saba."

"Wanaume waliingia lini?"

"Vilipoletwa viti. Kiti kikishakuwepo, mwanangu, mwanamume hupata wito."

Mwalimu hakuridhika na maneno matupu. Alipanda basi hadi ofisi ya jimbo, akafunuliwa daftari la zamani lililoliwa na mende. Majina saba ya wanawake yalikuwepo. Baba yake Nguzo alibatizwa mwaka wa sita wa kanisa, akawa mwenyekiti Jumapili iliyofuata. Wokovu na cheo vilimshukia kwa pamoja.

Siku ya jubilei mwalimu alisoma ukurasa mmoja na nusu. Hakufika mwisho. Nguzo alisimama, tai imemkaba.

"Uzushi! Shahidi ni nani?"

"Mimi," alijibu mkunga kutoka benchi la tatu. "Na keti, mwanangu. Nilikupokea mwenyewe ukiwa umetanguliza makalio, na tangu siku hiyo kila jambo unatuletea kinyumenyume."

Kanisa liliangua kicheko. Askofu alipatwa na kikohozi cha ghafla, akajifunika leso.

Nguzo alijiuzulu papo hapo, kisha akaenda nyumbani kusubiri kubembelezwa. Alisubiri sana. Uchaguzi ulipofika tulimchagua mwalimu, aliyekataa mara mbili kabla ya kukubali, na kwa mara ya kwanza tukaona mtu anakataa kweli.

Jumapili ya tano bila Nguzo, baada ya ibada, mwalimu alimfuata kwake. Alimkuta na picha ya baba yake mapajani.

"Baba aliniambia alijenga yeye," alisema Nguzo, bila ile sauti ya mikutano. "Nilikuwa mtoto. Nilimwamini."

Mwalimu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Badala yake aliona haya kwa kucheka siku ile.

"Paa aliezeka yeye," alisema. "Limeandikwa. Ni kwenye ule ukurasa ambao hukuniacha niumalize."

"Paa lote?"

"Lote. Linavuja, lakini ni lake."

Jumapili iliyofuata Nguzo alikuja amechelewa, akakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Wimbo ulipoanza aliimba kuliko wote, ubeti mmoja mbele ya kanisa zima. Hakuna aliyemsahihisha.