Mbingu Iliyoshonwa Kinyume

"Jumamosi mwalimu wa Kifungo atakuja kuichukua darubini, wanafunzi waitumie," Babu alisema, kisha akaendelea kula kana kwamba ameomba tu chumvi.

Mjukuu wake Kifungo, aliyepata jina hilo kwa kumeza kifungo cha koti la mteja alipokuwa anatambaa, alimtazama mama yake. Mama Kifungo alimtazama mumewe. Mumewe, fundi umeme asiyeogopa waya wowote duniani lakini anayemwogopa baba yake, aliitazama sahani.

Sababu waliijua. Mzee aliteleza kwenye ngazi za kwendea juu ya paa, akavunjika mguu. Mfupa uliunga vizuri, ila daktari alimpa mkongojo na kumkataza ngazi zote. Na huko juu, kando ya tanki la maji, ndiko familia ilikozoea kupanda na mikeka kila Jumamosi jioni kuangalia nyota. Walimbembeleza aisimamishe darubini uani, akakataa katakata. Uani kuna ukuta, alisema, na yeye hatazami nusu ya mbingu.

Ujue kwanza mzee huyu alikuwa mtu wa namna gani. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msahihishaji kwenye kiwanda cha uchapaji, na alipostaafu alirudi nyumbani na kalamu yake nyekundu. Kadi ya harusi ikiletwa, anaisahihisha kabla ya kuuliza harusi ni lini. Maelezo ya kwenye chupa ya dawa anayasahihisha, ndipo anakunywa dawa. Juu ya paa ndiyo usiseme. Ukiiita Zuhura nyota, atanguruma, "Sayari!" mpaka mbwa wa jirani aitikie. Watu wa nyumbani walimwita Kalamu Nyekundu, naye alijua, na alipenda.

Tangu avunjike mguu, hakumsahihisha mtu yeyote. Siku moja Kifungo, kwa uchokozi wake, alisema mezani kwamba mwezi ni nyota iliyochoka. Wakasubiri radi. Babu akasema, "Mm," akamega mkate. Hapo ndipo Mama Kifungo alipoogopa hasa. Mguu ulikuwa umepona, lakini mzee mwenyewe alikuwa anafifia mbele ya macho yao, na darubini ikitoka kwenye nyumba ile, hakuona ni kitu gani kingemrudisha.

Tuseme ukweli, nyota hazikuwa fani ya Mama Kifungo. Alikuwa fundi cherehani, na Jumamosi jioni alipanda juu ya paa na birika la chai, akagawa vikombe, akajilaza pembeni na kukoroma. Darubini yenyewe hakuwahi kuiwekea jicho hata siku moja. Zamu yake ikifika huwa ameshalala. Hata mzee alipowapeleka wote kwenye jumba la maonyesho ya nyota, lile lenye paa la mviringo linalogeuka anga taa zikizimwa, wenzake waliachama midomo kwa sayari na vimondo, yeye akahesabu vipande vya paa. Vilichongoka juu kama vya mwavuli. "Kazi safi," alimnong'oneza mumewe. "Mishono haionekani." Mumewe alimwomba anyamaze.

Usiku ule wa habari ya mwalimu, paa lile lilimrudia kichwani. Asubuhi alimwambia mumewe, "Kama yeye hawezi kupanda kwenye mbingu, mbingu itashuka sebuleni."

"Itashuka na nini?"

"Na bitana."

Bitana nyeusi, kitambaa cha kuwekea ndani ya nguo, alikuwa nayo tele, iliyobaki kwenye oda ya majoho ya mahafali. Kifungo alikwenda kwa babu yake kuazima ramani ya nyota, akisema ni ya kazi ya shule, akapewa bila hata swali moja, jambo lililozidi kuwatia wasiwasi. Mama akakata vipande vilivyochongoka, akavipiga chaki nyota moja baada ya nyingine, akatoboa. Nyota kubwa alizitoboa kwa koleo la matundu ya mikanda, ndogo kwa sindano nene. Kisha akaunganisha vyote vikawa kofia moja kubwa ya kutosha familia. Wateja walioulizia sare za watoto wao waliambiwa fundi ana kazi ya haraka ya mteja mkorofi.

Jumamosi jioni, viti vya sebuleni vilikuwa vimelundikwa barazani. Ile kofia ilining'inia kwenye ndoano ya dari, ukingo wake umeshuka mpaka sakafuni, na pande zote za nje fundi umeme alikuwa amezungusha taa.

"Mnahama?" Babu aliuliza alipotoka chumbani na mkongojo wake.

"Ingia ndani, Baba," Mama Kifungo alisema. Akamwinulia ukingo wa bitana.

Mwalimu naye alikuwa ameshafika na mfuko mkubwa wa kubebea darubini. Alikuwa mama mcheshi, mnene kidogo, na hakungoja kuambiwa mara mbili. Alivua viatu akajipenyeza ndani, akajilaza kwenye godoro karibu na Kifungo. Babu walimlaza katikati, juu ya mito miwili.

"Washa!" Kifungo akapiga kelele.

Taa za nje zikawaka, na ndani ya giza la bitana nyota zikachomoza zote kwa mpigo. Mwalimu alisema "Jamani!" Hata Mama Kifungo, aliyetoboa kila tundu kwa mkono wake, alisahau kwa muda kuwa ni matundu. Akageuka kumwangalia mkwewe.

Babu alitazama. Akatazama tena.

"Nzuri sana, mwanangu," alisema kwa upole. "Asante. Umejisumbua."

Ilikuwa sauti ileile ya "Mm." Kazi yote ile, vidole vimejaa matundu kuliko kitambaa, na mzee anamshukuru kama mgeni anayeaga. Mama Kifungo alijikaza asilie mbele ya mwalimu.

Kisha godoro likatikisika. Babu alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Ile ni nini?"

"Ipi, Baba?"

"Ile pale! Si Jabari yule, yule mwindaji? Na hii hapa si Kilimia, kile kishada cha nyota?" Mkongojo ulikuwa umeshainuka unaelekeza juu. "Kilimia iko nyuma! Kilimia inamfuata Jabari! Tangu lini? Tangu mbingu ziumbwe Kilimia hutangulia, Jabari anafuata! Nani kachora hivi? Nani kapitisha?"

"Babu, labda wamepishana njiani," Kifungo alisema.

"Hawapishani! Hawajawahi kupishana! Na mkono huu wa Jabari mbona uko huku? Mbingu nzima iko kinyume! Kila kitu! Hakuna hata nyota moja mahali pake!" Alikuwa ananguruma, na mbwa wa jirani akaitikia.

Mume wa Mama Kifungo alichungulia kwa chini, akidhani kuna aliyepigwa na umeme. Mama Kifungo mwenyewe aliganda kwa aibu. Halafu akaelewa, akajipiga kofi la paji la uso. Chaki haipigwi kwenye uso wa nguo. Hilo alifundishwa siku ya kwanza alipokaa kwenye cherehani: alama zote upande wa ndani, mteja asizione. Naye alizipiga nyota kwa upande wa nyuma wa bitana, kama anavyopiga kila kitu, kisha akaweka uso mzuri uwaelekee wageni, nao wakawa wanaisoma ramani kwa mgongoni.

"Baba," alisema, "haijakosewa. Imevaliwa kinyume tu."

"Nini?"

"Tokeni wote. Nataka kuipindua."

Wakatoka kwa kutambaa, mwalimu akiwa wa mwisho na anacheka mpaka analia. Mama Kifungo na mumewe waliishusha mbingu, wakaigeuza ndani nje kama anayegeuza shati, wakaitundika tena. Mishono yote ya upande wa nyuma sasa ilikuwa ndani, nyuzi zinaning'inia, chaki kila mahali. Tangu aanze kazi hakuwahi kumwonyesha mteja kazi ya namna hiyo. Akazima taa ya sebule haraka.

Safari hii Babu aliingia mwenyewe bila kuitwa. Akajilaza, taa za nje zikawaka, akakagua kutoka ukingo hadi ukingo, akichukua muda wake. Nje, fundi umeme alikuwa ameshika swichi, ametega sikio.

"Kilimia," Babu alisema hatimaye. "Jabari nyuma yake. Sawa. Kuna uzi unaning'inia kwenye mkanda wa Jabari, lakini huo nausamehe." Akaanza kufundisha, na kila Kifungo alipokosea, kwa makusudi au kwa bahati mbaya, alingurumiwa kisawasawa. Mama Kifungo alilia gizani kwa furaha, na ilikuwa mara ya kwanza kukaa macho mpaka mwisho.

Walipotoka, mwalimu aliuokota mfuko wake mtupu, akamtazama mzee.

"Utanisamehe, mwalimu," Babu alisema. "Darubini haitoki. Wewe ndiye utakayekuja, na hao watoto wako. Nyumba hii inaonyesha vitu kinyume, lazima awepo wa kusahihisha." Halafu akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini? Ipeleke uani."

"Uani si kuna ukuta?"

"Kwani mwezi uko nyuma ya ukuta?"

Mwezi mwembamba ulikuwa juu ya paa la jirani. Babu aliiegemea darubini, akazungusha hiki, akakaza kile, kisha akajitoa.

"Mkwe wangu. Wewe kwanza. Nimekugundua, hujawahi kuangalia."

Mama Kifungo aliinama. "Naona kope zangu."

"Fumbua jicho, sogea kidogo."

Akasogea. Mwezi ukamjaa jichoni, mweupe, na mashimo yake, karibu mno kiasi kwamba aliurudisha mkono nyuma asiuguse. Aliinua kichwa akautazama wa angani, akainama tena, akainua tena.

"Baba," alisema, "mbona huku umegeuka juu chini?"

"Darubini hii huleta picha imepinduka. Ndivyo ilivyoundwa."

"Aa," Mama Kifungo akasema. "Kumbe na yenyewe fundi wake alipiga chaki upande wa nyuma."

Babu alifungua kinywa amsahihishe. Hakuweza. Alicheka mpaka mkongojo ukamdondoka, akashikilia bega la mkwewe asianguke.