Jembe la Osinya na Ganda la Dunia

Osinya wa Molo, kule Tororo nchini Uganda, alikuwa na mdomo unaolima kuliko mikono yake. Ukimsikiliza, ungedhani Tororo nzima inakula kwa jasho lake: eti jogoo akiwika yeye yuko shambani zamani, eti jembe lake halijui kutu. Maneno hayo ndiyo yaliyomnasa Nereah, mjane wa Busia upande wa Kenya, aliyekuwa akivuka mpaka kununua karanga. Nereah alikuwa amezika mume mvivu, na aliapa kwamba hatampikia mwingine. Akamwambia Osinya atakuja kuona nyumba, na akiridhika wataenda kwa padri. Osinya alimpenda kweli, msicheke. Tangu siku hiyo hata chai bila sukari aliiona tamu.

Balaa ikaletwa na chombo. Akullo, binti wa chuo kikuu, alikuwa amekifukia nyuma ya jiko la Osinya tangu kiangazi, kisikilize matetemeko ya mbali. Ardhi ikitikisika huko nchi za watu, mawimbi yake husafiri chini kwa chini, na yakifika pale ganda la dunia linapoishia na mwamba mzito wa chini kuanza, hubadili mwendo. Kwa kupima mabadiliko hayo, Akullo angejua ganda lina unene gani chini ya Molo. Aliomba kitu kimoja tu, utulivu. Na utulivu, jamani, Osinya alikuwa nao wa kugawa.

Sasa siku Nereah alipokuja, si Akullo naye akatokea kuchukua kumbukumbu za chombo chake! Akafungua kompyuta pale pale mezani, akamsifu Osinya mbele ya mgeni kwa moyo mweupe kabisa: vituo vingine vyote vimevurugwa na wakulima, lakini hapa mstari karibu umenyooka, asubuhi nzima hakuna jembe lililogusa ardhi ya hapa nyumbani. Osinya akakohoa, akadai kwamba yeye hulima kule bondeni, mbali. Akullo, maskini, akamtoa wasiwasi: chombo kinasikia mpaka bondeni, ndiyo maana jembe la jirani Olupot huko linaonekana kidogo tangu alfajiri. Kisha akaonyesha mtikisiko mdogo karibu na saa sita mchana.

"Na huyu ni wewe, mzee, unaamka."

Nereah akamaliza chai, akashukuru, akachukua mkoba wake. Osinya aliona aibu mpaka masikio yakamwasha.

Kesho yake alishika jembe kwa hasira. Mwanzoni alilima ili chombo kisikie tu, akichimba kando yake kwa kisirani kama anayemgongea mtu mlango. Lakini mvua zikanyesha, karanga zikachipua, akajikuta anaamka gizani bila kuamshwa na mtu. Alimpigia Nereah simu mara nyingi, hakupokea.

Mvua zilipokwisha Akullo akarudi, akafungua kompyuta, nusura alie. Mistari ilikuwa imechafuka kuanzia alfajiri mpaka jua kali.

"Mzee, umeniharibia kazi. Tetemeko zima limezama ndani ya jembe lako."

Akalalamika kwamba ganda la dunia halionekani tena, na kwamba chombo anakihamisha leo leo. Osinya hakuwahi kugombezwa akafurahi hivyo. Akakimbia kwa Olupot kuazima simu, maana namba yake mwenyewe Nereah alishaijua.

"Binti yangu, hiyo maneno rudia tena," akamwomba Akullo, "lakini ngoja kwanza, mimi napiga simu Busia."

Nereah akapokea. Akullo akarudia malalamiko yote, kwa uchungu wa mtu aliyepoteza msimu mzima.  Osinya akasogeza sikio karibu na simu.

"Binti," Nereah akasema mwishowe, "hicho chombo mnakihamisha?"

"Leo hii, mama."

"Kiacheni hapo hapo. Kikiondoka, harusi hakuna."