Polishi ya Dada

Vaimoana hakuwahi kuazima gari la kaka yake. Alilichukua. Pale Kolomotu'a, kwa mila ya kisiwa chao, dada ndiye mkubwa kwa kaka yake hata akiwa kitinda mimba, na Penisimani akimwona anaingia sebuleni, huinuka kimya na kutokea mlango wa nyuma. Hawajakaa chumba kimoja tangu wabalehe, ndiyo heshima. Funguo zilikaa juu ya kabati na Vaimoana alijua.

Kalolaine, mke wa Penisimani, angeyameza yote hayo. Kilichomkereketa ni mikwaruzo. Kila wifi aliporudisha gari limechubuka, Penisimani hakuguna. Alivua shati, akaosha mahali pale kwa sabuni, akapitisha msasa laini uliolowa maji, akasugua polishi mpaka usijue palikuwa na nini. Tena huku akiimba nyimbo za kanisani. Mkwaruzo wa Kalolaine mwenyewe, alioupata sokoni wiki ya Pasaka, ulikuwa bado uko mlango wa nyuma na sasa ni Agosti.

"Gari ni la kutumia, Mama Siale," alimwambia siku ile. "Litachakaa tu."

Jumamosi moja Vaimoana alirudisha gari halina hata alama. Hapo wivu ukamtuma Kalolaine. Alichukua funguo, akatazama huku na huku, akachora mstari wa shibiri moja kwenye mlango wa dereva. Alitaka kitu kimoja tu: kumsikia mumewe, japo mara moja, akimlaumu dada yake.

Penisimani akatoka, akauona.

"Dada huyu," alisema, kwa sauti ya mtu anayemtaja mtoto mchanga, akaenda kuchukua ndoo.

Kalolaine alikuwa uani akimenya majimbi ya Jumapili. Aliuona mgongo ule umeinama, vidole vile vinavyopapasa rangi taratibu, na wimbo ukaanza. Miaka kumi na moja ya ndoa, hajawahi kupapaswa hivyo hata akiwa na homa. Aliona wivu mpaka akajikata kidole, na mumewe hakugeuka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Huo mkwaruzo. Nimeuchora mimi, kwa funguo. Wifi hana habari."

Mkono ukasimama, na wimbo pia.

"Kwa nini?"

"Nilitaka umgombeze. Na wewe unaimba! Wangu una miezi minne mlangoni, Peni. Miezi minne, hujaupaka hata mate."

Alingoja sasa agombezwe yeye. Angefurahi, maana hata ugomvi ni kujaliwa. Alikuwa tayari ameshapanga majibu yake, makali yote. Lakini Penisimani hakukasirika. Alichungulia ndani ya kopo la polishi, akaliinamisha kidogo kwenye mwanga apate kuona vizuri.

"Ungesema mapema, Mama Siale," alisema kwa upole. "Imebaki kidogo tu, na wiki ijayo Dada anakwenda harusini."

Akafunga kopo, akakigonga kifuniko kwa kiganja ili kishike, akaingia nalo ndani. Mkwaruzo aliuacha umefutika nusu.