Supu ya Nyasi za Madam

Haya wajukuu, nitegulieni hili: nina mgonjwa, nikimlisha anaoza, nikimwacha na njaa anapona. Ni nani? Msinipe mji, nina miji mingi na yote imenichosha. Ni nyasi za bamuda, Riyadh, wakati wa baridi. Na harufu yake bado iko puani mwangu.

Nilikuwa mpishi wa madam mmoja Jidda, akiniita Mama Hannah. Kule hakuna baridi ya maana, nyasi za uwanjani zilikaa kijani mwaka mzima. Kisha tukahamia Riyadh, mtaa wa Sulimaniyah, na madam akataka nyasi zilezile. Akamwajiri Dominic, kijana wa kwetu Kenya, aliyeapa kwamba kazi ya bustani anaijua kama jina lake.

Nilikwenda naye kuchagua. Muuza miche, mzee wa Kipakistani, alitueleza kwa Kiarabu cha polepole: bamuda inapenda jua. Baridi ikija itageuka rangi ya mkate, lakini haijafa, imelala. Ipunguzieni maji, msiipe mbolea, msiikate ikabaki udongo. Mkitaka kijani hata wakati wa baridi, nyunyizieni juu mbegu ya ile nyasi nyingine, ya baridi, kabla hii haijalala.

Dominic akaitikia "aiwa, aiwa" kila neno. Bamuda akanunua, mbegu akaiacha.

"Mbegu ya nini, mama? Nitazishughulikia tu."

Desemba nyasi zikawa rangi ya mkate. Madam akasimama barazani na shali lake.

"Dominic! Wakwe wa binti yangu wanakuja mwisho wa mwezi, watakaa nje. Wasipokuta kijani, halas, ikama yako ya kuishi hapa siifanyi upya. Unarudi kwenu."

Basi kijana akaingiwa na wazimu. Kwanza akaishusha mashine ya kukatia mpaka udongo ukachungulia, eti zikikatwa fupi zitakuja nzito. Halafu akaenda soko la mbuzi, akarudi na magunia ya mavi mabichi. Akayaloweka kwenye pipa chini ya dirisha la jikoni, jikoni kwangu mimi, akayakoroga kwa mti wa fagio.

Pipa likachacha. Juu mapovu, chini uji wa kahawia, katikati funza weupe wanaogelea, wamenona kama watoto wa tajiri. Nilikanda unga wa chapati nikiwa nimejifunga mtandio puani. Nzi akatoka kwenye pipa akatua katikati ya donge, akatembea, akaacha nyayo. Nikalitupa donge lote, na chakula cha mchana sikukigusa.

"Domi, ni uchafu gani huu?"

"Supu, mama. Nyasi zina njaa."

"Zina njaa au zina usingizi? Yule mzee si alituambia?"

"Yule ni muuzaji tu. Halimi."

"Na wewe unalima? Hebu niambie, mwanangu, umewahi kulea nyasi wewe? Hata za ng'ombe?"

Akacheka, akainua ndoo. "Yalla, mama, chapati zinaungua."

Chapati zenyewe zilikuwa jaani.

Kila asubuhi alizinywesha zile nyasi zilizolala: ndoo ya supu, kisha maji ya mpira mpaka yatuame. Na kijani kikaja, wallahi. Ila hakikuwa cha nyasi. Kilikuwa utando, utelezi unaonata, kama makamasi ya mtoto mwenye mafua. Madam alikuwa akiangalia kutoka ghorofani, madirisha yamefungwa kwa baridi, ubani unafuka. "Mashallah, Dominic!" Dominic akainama, akashukuru. Mimi nikatema mate.

Wakwe wakaja. Mazulia yakatandikwa, moto ukawashwa, kahawa ikapita. Mazulia yakaanza kunywa maji kwa chini. Wageni wakanusa, wakatazamana, kila mmoja akivuta nguo zake. Mama mkwe wa yule binti, bibi mzima wa heshima, akainuka kusogea mbali. Akakanyaga pembeni ya zulia. Kiatu kikabaki matopeni, mguu ukatoka mtupu, umepakwa hadi kifundo, na funza mmoja anapanda kidole gumba. Bibi akajifuta kwenye zulia la madam. Tende zilibaki vilevile sahanini, wageni wameondoka.

Madam akaingia jikoni.

"Mama Hannah! Harufu hii ni maji yako ya kuoshea samaki! Unayamwaga nje kama mlivyozoea kwenu. Nimekuvumilia tangu Jidda. Kesho nakukatia tiketi."

Dominic alikuwa mlangoni, mpira wa maji mkononi. Aliyasikia yote. Akauangalia mpira, kana kwamba umeandikwa kitu.

Harufu ya pipa niliivumilia, wajukuu zangu. Nzi nilimvumilia. Lakini kijana mwenye ndevu zake kusimama pale nikibebeshwa mavi yake, ananyamaza, hicho kinyaa kilinipanda mpaka kooni. Sikutaka hata kujitetea. Nikamgeukia, nikamwambia kwa Kiswahili:

"Domi, mimi nilikuuliza kitu. Hukunijibu."

"Anasema nini huyu?" madam akauliza.

Dominic akaweka mpira chini.

"Anauliza kama nimewahi kulea nyasi, madam." Akamgeukia madam. "Mafi, hapana. Sijawahi. Pipa ni langu, na maji ni yangu. Kwetu nilikuwa kinyozi."